Mshenga wa Panya

Mtani wangu wa Kalenga amefariki. Simu ilinifikia asubuhi wiki iliyopita, na binti yake akaniambia kwamba baba alikula ugali wake wote, akalalamika kuwa mboga haina chumvi, akaenda kulala, na hakuamka tena. Nililia kidogo, kama inavyostahili, kisha nikaanza kucheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Marehemu alikuwa Mhehe na mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani, na mtani haendi msibani kukunja uso. Nikapanda basi kutoka Mbeya hadi Iringa, nikafika Kalenga jeneza likiwa bado ndani, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango na kutangaza kwamba maiti haitoki mpaka niletewe panya jike, mweupe, mwenye adabu zake, asiye na undugu wowote na marehemu. Wazee wa pale walicheka wakashika mbavu. Padri alijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu chake. Vijana walinitazama kwa huruma, kama mtu ambaye uzee umempanda kichwani, na mmoja wao akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama babu huyu amemeza dawa zake leo. Kwa ajili ya vijana hao naandika safu hii.

Nilikutana na mtani wangu katika miaka ya sabini, wakati reli ya kwenda Zambia ilipokuwa ikijengwa na kila mtu Mbeya alikuwa na hadithi ya rafiki yake Mchina. Nilikuwa kijana mwenye cheti kipya cha ufundi wa maabara, nikapangiwa kazi katika kituo kidogo cha utafiti ambacho leo hakipo tena. Kilikuwa nyumba moja ya bati chini ya mikaratusi, yenye ofisi, chumba cha kupimia, na vyumba viwili vilivyojaa panya. Nyumbani Songea nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda kutibu watu. Basi barua yangu ya kwanza ilisema nashughulika na wagonjwa wadogo, mama akaelewa kwamba ni watoto, akawatangazia kanisa zima. Nilipokwenda likizo niliamkiwa daktari njia nzima kutoka stendi, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha mtu.

Mkuu wa kituo alikuwa daktari kwelikweli, mwanamke aliyesomea ng'ambo, mwembamba, mwenye haraka, ambaye hata chai aliinywa amesimama. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Watu wawili wanachomwa na mwiba shambani; mmoja mguu unavimba na kupoa siku ya tatu, mwingine anachechemea wiki mbili. Kuvimba kwenyewe, alikuwa akitufundisha, si ugonjwa. Ni mwili unapigana. Anachotaka kujua yeye ni kipi kinauambia mwili basi, sasa imetosha. Alishuku kwamba ndani yetu mna breki ya kuvimba, na kwamba breki hiyo mtu anairithi kwa wazazi wake kama anavyorithi pua. Na kwa kuwa huwezi kuwachoma binadamu miiba, ukawaoza unavyotaka wewe, ukasubiri wajukuu zao uwachome nao, Daktari alileta panya.

Walikuwa panya weupe wenye macho mekundu, wa aina mbili, na kwa kuwatazama tu usingewatofautisha. Tofauti ilikuwa miguuni. Nikimdunga panya wa chumba cha kwanza tone la maji yenye unga wa mwani chini ya unyayo, mguu ulivimba na kunywea ndani ya siku tatu. Wa chumba cha pili alivimba vilevile, lakini wiki iliisha yeye bado ana mguu kama wa mtu aliyevaa soksi mbili. Kazi yangu ilikuwa kudunga, kupima unene wa unyayo kila siku kwa kipimo cha chuma, na kujaza fomu. Ili kila chumba kibaki damu moja isiyochanganyika, sheria ya kituo ilikuwa kwamba kaka anazaa na dada yake, watoto wao nao hivyohivyo, kizazi baada ya kizazi, mpaka panya wote wa chumba wafanane ndani kama vitenge vya jora moja. Hii ni kanuni inayojulikana duniani kote kwa wanaofuga panya wa utafiti. Mimi niliisoma chuoni na kuikariri, na sikuona chochote cha kustaajabisha.

Aliyeitekeleza sheria hiyo kwa mikono yake alikuwa mtunza panya, huyu tuliyemzika. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mfupi, ndani ya koti la kaki la kituo lililokuwa limeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Yeye ndiye aliyefuata maranda kwa mafundi seremala wa Mwanjelwa kwa ajili ya malalo, aliyesaga mahindi na dagaa akaongeza karanga, aliyeosha vizimba, na aliyeingiza dume na jike kizimbani kufuatana na kadi tulizomwandikia. Kila asubuhi alifungua mlango na kuwaamkia panya wote kwa pamoja, "Kamwene!", akasubiri kidogo kama vile wataitikia. Mimi aliniamkia baada yao. Jioni alinipekua mfuko mlangoni, akidai kwamba Wangoni walishabeba kila kitu cha Wahehe na sasa wamebakiza panya. Nami nilimjibu kwamba nawahesabu panya kila siku kabla ya kuondoka kwa sababu mwenye ufunguo ni Mhehe na nimeona ana sufuria. Zilikuwa enzi za kuitana ndugu, toka mkurugenzi mpaka mfagiaji. Hata hivyo chai ya saa nne mimi na Daktari tuliinywa ofisini kwenye vikombe vya kaure, ndugu yetu akainywa kwenye ngazi za nyuma kwenye kikombe cha bati, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje kuhusu viumbe aliokaa nao kutwa nzima.

Mwaka wa pili fomu zangu zikaanza kuharibika. Kwanza kulitokea vizazi kadhaa katika chumba cha pili ambavyo vilipoa siku ya tatu, vyote, bila hata kuona haya. Daktari alisema nimekosea kipimo cha dawa. Nikapima dawa mara mbili mbili, nikadunga kwa uangalifu wa mtu anayetoboa sikio la binti yake. Baadaye mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu vyumba vyote viwili vikaanza kutoa mchanganyiko: katika watoto wa tumbo moja, wengi wanapoa upesi, na katikati yao kuna mmoja amekaa na mguu wake umevimba wiki nzima. Kwa sheria yetu jambo hilo haliwezekani. Daktari aliniita ofisini akanionyesha fomu.

"Hizi namba umezitoa wapi?"

"Miguuni, Daktari."

"Panya hawa ni damu moja. Huyu anapoa, nduguye wa tumbo moja anavimba wiki nzima?"

"Ndivyo walivyo, Daktari."

"Au ndivyo unavyowabuni ukiwa Mwanjelwa unakunywa soda?"

Niliapa kwa mama yangu, nikaapa kwa Mungu, nikataka kuapa kwa panya. Haikusaidia. Mkaguzi kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja wiki ile kuamua kama kituo kiendelee au kifungwe, na Daktari, ambaye alikuwa mwaminifu kiasi cha kuogopesha, alishapiga chapa barua yangu ya kufukuzwa kazi kwa kosa la kughushi vipimo. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa hilo hakuna maabara nchini ingempokea hata kuosha chupa. Nilijiona nikishuka Songea na sanduku langu, watu wakiniamkia daktari toka stendi, na mama yangu kati yao. Nilishindwa kula siku mbili. Mtani wangu aliniona, akauliza, nikamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakunipekua mfuko.

Siku ya kikao Mkaguzi alikaa mbele ya meza ndani ya suti yake ya mikono mifupi, barua iko mezani, mimi nimesimama. Daktari alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, mlango ukafunguliwa bila hodi. Mtani wangu aliingia na koti lake refu na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Kamwene," alisema.

"Mzee, tuna kikao," Daktari akamwambia.

"Najua, Daktari, ndiyo maana nimekuja. Huyu Mngoni ni mjinga kabisa, hilo nalikubali hata mbele ya mgeni. Ila siyo mwongo. Namba zake za kweli. Panya ndiyo siyo wale."

"Siyo wale kivipi?"

"Nimewaoza."

Mkaguzi aliinua kichwa. "Umewaoza akina nani?"

"Panya, ndugu. Kiheshima kabisa."

Naomba wasomaji wakumbuke kwamba mimi nilikuwa nasubiri kuangamia, na hata hivyo kicheko kilinibana mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alimgeukia Mkaguzi, akijua kwamba mwanamume mwenzake wa makamo atamwelewa. "Mimi nina watoto sita, ndugu Mkaguzi. Hapa kila siku nachukua kaka na dada, nawafungia chumba kimoja, nawaambia zaeni. Mwanzo nilisema haya, kazi ya serikali. Baadaye naona vitoto vinazaliwa vitatu vitatu, vingine havina nguvu hata ya kunyonya. Nikasema hapa tumekosea. Kwetu jambo hilo linaleta mkosi kwa ukoo mzima, na huu ukoo nimekabidhiwa mimi. Basi nikawa namtoa dada, namtafutia mume chumba kile, na huku naleta mke kutoka kule. Kadi nimeziacha pale pale, maana kadi ni ya nyumba, siyo ya mtu."

Daktari aliweka uso wake kwenye viganja. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili ya kazi yangu." Hapo hakuna aliyekuwa anacheka, na mtani wangu sasa aliona ukubwa wa alichofanya. Angeweza kunyamaza. Mimi ningeondoka na sanduku langu, angekuja fundi mwingine, naye angeendelea na harusi zake. Badala ya kutoka, akafungua ile kanga, akatoa daftari la shule lililovimba kwa unyevu, akaliweka juu ya barua yangu. "Sikuoza ovyo, Daktari. Kila ndoa nimeiandika."

Lilikuwa daftari la mshenga. Kila ukurasa ulikuwa na ukoo wake, na kila ukoo ulikuwa na mwiko wake wa chakula, kama ilivyo kwa Wahehe. Ukoo mmoja haukugusa karanga, na bwana huyu alikuwa akiwaondolea karanga kwenye chakula moja moja. Kulikuwa na bibi arusi ametoka chumba gani, mama yake nani, bibi yake nani, wamezaa wangapi. Na mbele ya kila mtoto niliyemdunga mimi, ameandika kwa penseli: anapoa, au anavimba.

Daktari aliinua uso. "Hili la kuvimba umeliandikia nini?"

"Daktari, utamposea mtu bila kuuliza maradhi ya kwao?" alijibu, akimshangaa msomi mzima kuuliza swali kama hilo. "Na kuna kitu nimekiona, ila hamkuniuliza. Ukimwoza wa chumba cha pili kwa wa chumba cha kwanza, watoto wote wanapoa upesi, hakuna hata mmoja mwenye mguu wa mama yake. Unasema sawa, mkosi umeisha. Unawaoza watoto hao kwa watoto wa nyumba nyingine iliyochanganyika vilevile. Wajukuu wakija, mguu wa bibi huu hapa! Siyo wote. Mmoja katika wanne hivi."

"Rudia," Daktari alisema.

Alirudia. Daktari akavuta daftari, akahesabu kwa vidole vyake, vikamwishia, akaanza kuhesabu kwa vidole vya Mkaguzi bila kumwomba ruhusa. Kisha akapiga kelele ambayo iliwatoa kunguru kwenye mikaratusi. Ni kitu kimoja, alikuwa akisema, ni kitu kimoja tu! Baadaye alinieleza taratibu, nami nawaelezeni kama nilivyoelewa. Kila panya hupokea breki mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akipata moja nzima, inatosha, mguu unapoa. Ndiyo maana watoto wote wa ndoa za mchanganyiko walipoa: kila mmoja alibeba breki nzima ya mzazi mmoja na mbovu ya mwingine, ile mbovu ikakaa kimya. Lakini wabebaji wawili wakioana, kuna mjukuu mmoja kati ya wanne hivi atakayepewa mbovu zote mbili, na huyo ndiye anayevimba kama bibi. Kama kuvimba kungetawaliwa na mambo mengi madogomadogo, wajukuu wangekuwa wa kila namna, nusunusu na robo robo. Hawakuwa hivyo. Daktari alikuwa amepanga kuwachanganya panya kwa utaratibu miaka mitatu mbele, atakapopata fedha na kibali. Mhehe alishamaliza.

Kilichofuata sijui nikieleze vipi kwa heshima. Daktari aliigeuza barua yangu ya kufukuzwa akachora nyuma yake ukoo wa panya, mishale kwa mishale, mpaka karatasi ikajaa akaendelea kwenye meza. Alivua viatu. Mtani wangu, alipoona kwamba hafukuzwi, aliimba wimbo wa harusi wa kwao, Daktari akamfuata mgongoni akicheza, nami nikawafuata wote wawili katikati ya vizimba. Mkaguzi, mtu makini, alitaka kuwaona hao wajukuu kwa macho yake, akapenyeza kidole kizimbani, akang'atwa. Mtani wangu akamshika mkono kwa upole akakitazama kile kidole kilichoanza kutuna.

"Pole, ndugu. Eti, bibi yako alikuwa anavimba siku ngapi?"

"Bibi wa upande gani?" Mkaguzi alijibu, kwa dhati kabisa, kabla hajajisikia. Kituo hakikufungwa mwaka ule.

Ningeweza kuishia hapa, na kwa miaka mingi, kila nilipoisimulia hadithi hii, nimeishia hapa. Lakini kulikuwa na taarifa. Iliandikwa kwa Kiingereza ipelekwe ng'ambo, na Daktari alinipa mimi niandike sehemu ya jinsi panya walivyozalishwa. Nilikaa na kalamu nikaona aibu. Niliwaza wasomi wa Ulaya wakisoma habari za mshenga na kanga na miiko ya karanga, wakacheka. Nikaandika kwamba watafiti waliamua kuchanganya aina hizo mbili ili kuona urithi wake. Neno moja la uongo halikuwemo kwenye vipimo vyangu. Uongo wote niliuweka kwenye sentensi hiyo. Daktari alikuwa na haraka, akasaini. Taarifa ilipotoka, mtani wangu alikuja ameshika nakala, amenawa mikono, akaniomba nimsomee sehemu yake. Nikaitazama ile sentensi, nikamsomea kwa Kiswahili kitu ambacho hakikuwepo: kwamba mtunza panya wa kituo hiki, mzaliwa wa Kalenga, ndiye wa kwanza kuona mguu wa bibi ukirudi kwa wajukuu. Akafumba macho. Akaniomba nirudie, na ilibidi nifikiri haraka ili nikumbuke nilivyosema mara ya kwanza. Akaichukua ile nakala akaipeleka kwao.

Siku hizi kuna mashine zinazosoma urithi wa panya kwa siku moja, na vijana wetu wanazijua, nami nafurahi nikiwasikia wakizungumza. Lakini nikitembelea maabara zao natazama nani anasafisha vizimba na anakunywea wapi chai yake. Mara nyingi bado ni kwenye ngazi za nyuma. Tunaajiri mikono ya mtu, halafu tunashangaa kugundua kwamba ilikuja na macho.

Tuliendelea kutembeleana maisha yote. Kila nilipofika Kalenga alikuwa na wageni, na kila mara, katikati ya maongezi, alinigeukia: "Mngoni, hebu waambie ile karatasi inasemaje." Nami niliwaambia, jasho likinitoka mgongoni, na kila mwaka niliongeza kidogo. Mwaka fulani nilimpa hadi pongezi za maprofesa. Alisikiliza kwa makini sana, akitikisa kichwa, na wakati mwingine aliniomba nirudie pale pazuri.

Juzi, baada ya mazishi, binti yake, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza Iringa mjini, alinitolea nakala ile kutoka sandukuni. Nikaanza kutafuta maneno. Akanizuia.

"Nilishamsomea, baba mdogo. Nilikuwa kidato cha tatu. Neno kwa neno."

"Akasema nini?"

"Alicheka, akasema, 'Ya Mngoni ni nzuri zaidi,' akairudisha sandukuni."

Kwa miaka yote hiyo, basi, alikuwa anajua. Alinisimamisha mbele ya wageni wake mwaka baada ya mwaka kunisikiliza nikidanganya, kwa raha ya mtani, na hakunifedhehesha hata siku moja. Mtu huyu alihatarisha kazi yake ili mimi nisiitwe mwongo, nami nikaenda nikawa mwongo kwa hiari yangu, dhidi yake yeye. Katika safu hii nimewakaripia sana wakubwa wanaojitwalia kazi za wadogo, na wengi mmeniandikia kunisifu. Mniwie radhi. Anayetaka kujua nani amekula jasho la mwenzake aanze na karatasi alizoziandika mwenyewe, akiwa bado ana mtu wa kumwomba msamaha. Aliyeona mguu wa bibi ukirudi kwa wajukuu ni mtunza panya wa Kalenga. Sisi wengine tuliambiwa. Nimeandika hivyo kwa Kiswahili, ambacho alikisoma bila kuhitaji mtu wa kumsomea, na nimechelewa kwa wiki moja.